Shahidi wa Goli la Mkwajuni

Jamani wa kijiweni, tangu nirudi mmenikamata mmoja mmoja. Mmoja kanikuta mlangoni mwa kanisa, mwingine kaja nikiwa na sindano ya kushonea maturubai mdomoni, na wote swali ni moja: Mkwajuni kulitokea nini? Kila mmoja anadai kasikia kwa mtu aliyekuwepo, na kila aliyekuwepo anasimulia lake. Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, mtasomeana. Habari za kutafuta gari na barua za vibali naziruka, hazina utamu.

Tunduma: kumngoja mulamu

Tulipanga kuondoka Jumamosi saa moja asubuhi. Fuso lilikuwa tayari, mashabiki wa Mizani tumeshapanda, na mwenye timu, Mama Silwimba, amekaa mbele na dereva akiwa na ngozi ya ng'ombe mapajani, ameizungushia kitenge kama mtoto mchanga. Hatukuondoka. Tulikuwa tunamngoja mulamu wangu Chanda, kaka wa mke wangu, anayeishi Nakonde, upande wa Zambia, kwa sababu ngoma zote zilikuwa kwake.

Chanda alifika saa mbili kamili, anatembea taratibu, dhamiri safi. Alipoona nyuso zetu alitoa simu akatuonyesha: kwake ilikuwa saa moja. Tunaishi na mpaka huu tangu tumezaliwa, tumeoana kuvuka mpaka, tumezikana kuvuka mpaka, na bado kila tukipanga safari hakuna anayekumbuka kuuliza ni saa ya upande gani. "Awe, mulamu," akanikatalia huku akipandisha ngoma, "mimi sijachelewa. Ninyi mmewahi."

Kisha tukakutana na foleni ya malori. Kutoka stendi mpaka Mpemba ilituchukua saa nzima na zaidi, lori baada ya lori, na humo ndani ya foleni ndipo mjadala ulipoanza. Mnaujua. Ni ule ule wa miaka kumi na tano.

Kwa ambao mlikuwa hamjahamia Tunduma, kisa ni hiki. Fainali ya Kombe la Ng'ombe, Mkwajuni, Mizani dhidi ya Radi. Tunaongoza moja bila. Dakika zimebaki chache, jua limekaa usawa wa macho, vumbi limesimama, goli halina nyavu. Ayubu, mshambuliaji wa Radi na mtoto wa mwenye timu hiyo, anapiga shuti la chini. Kipa wa Mizani anaruka. Mpira unaonekana nyuma, kwenye mabua ya mahindi. Radi wanashangilia, Mizani wanakataa. Refa, mwalimu wa shule ya msingi, hakuona. Akamwendea kipa akamwambia: "Wewe ni mtoto wa mzee wa kanisa. Mpira umepita wapi?" Kipa akasema nje. Refa akaamini, Mizani tukachukua ng'ombe.

Kipa ni mimi, Elia Simbeye. Tangu siku ile naitwa Shahidi, na jina hilo limenilea. Ukiuza kiwanja mtaani kwetu, sahihi ya shahidi ni yangu. Mkigombana mpaka wa shamba, naitwa mimi. Hata kanisani nilipewa funguo za stoo kwa jina hilo hilo. Watu husema, "Yule alisema kweli mbele ya uwanja mzima."

Sasa ukweli wenyewe, ambao sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu: niliporuka nilifumba macho. Vumbi, jua, na woga, vyote kwa pamoja. Nilipofumbua mpira ulikuwa kwenye mabua. Nilisema nje kwa sababu nilitaka liwe nje.

Ndiyo maana siku ile wenzangu walinishangaa nikiwa kimya ndani ya Fuso. Wiki moja kabla, Mzee Nzunda, mwenye Radi, alimtumia Mama Silwimba ujumbe wa sauti: "Mwaka huu goli zina nyavu. Njooni, na mje na Shahidi. Macho yangu yanakwisha, na nina swali moja la kumuuliza kabla hayajazima." Mama Silwimba aliniwekea nisikilize mara mbili, akicheka. Mimi usingizi uliniishia pale pale.

Mlowo hadi Mbalizi: kahawa na wenye timu

Vwawa tulipita bila kusimama. Mlowo dereva alitaka kahawa, na sisi tukataka mahindi ya kuchemsha. Ni msimu wa kuvuna, kwa hiyo barabara nzima ya Mbozi ina chanja za kahawa iliyoanikwa, na harufu yake inakufuata mpaka ndani ya gari. Mama mmoja wa Kinyiha aliyetuuzia mahindi alituuliza tunakwenda msiba gani, maana tumejaa hivyo. Chanda alimjibu kuwa tunakwenda kuwapelekea Radi msiba wao. Yule mama akatupa pole kwa moyo wote na kutuongezea mahindi mawili, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumweleza.

Kutoka hapo mjadala ukahamia kwa wenye timu. Mnajua Mama Silwimba hapendi kusifiwa mbele yake, basi wakamsifu kwa sauti ya kumfikia. Mwanamke anayeuza vitenge, kanunua timu iliyokuwa inavaa fulana za rangi tofauti, anafua jezi mwenyewe, mchezaji akiumia analala chumbani kwa watoto wake. Upande wa pili wakamjadili Mzee Nzunda, mwenye mashimo ya dhahabu, ambaye hajawahi kukaa jukwaani. Kila mechi huweka stuli yake nyuma ya goli la wapinzani, hatua chache pembeni ya mwamba, na hapo haondoki mpaka timu zibadilishane magoli, naye ahame na stuli yake. Wengine walisema anaroga. Mama Silwimba aligeuka kupitia kidirisha akawaambia waache, yule mzee anaupenda mpira kuliko wote waliomo ndani ya gari.

Mbalizi tulikula wali na maharage, tukanunua maparachichi, tukaacha lami.

Kushuka Galula: springi

Anayesema ameijua barabara ya Galula ni mwongo. Inateremka, inageuka, inateremka tena, na kila mteremko joto linaongezeka. Wenzangu waliovaa masweta walianza kuyavua moja moja mpaka gari likawa kama duka la mitumba.

Springi ya nyuma ilikatika kabla hatujafika mtoni. Dereva alishuka, akainama chini ya gari, akakaa huko muda mrefu, kisha akatoka akaomba maji ya kunywa. Tukajua. Tulitembea kilomita kama nne hadi Galula, ngoma kichwani, Mama Silwimba mbele yetu na ngozi yake begani, akikataa kabisa kusaidiwa.

Wenyeji walitupokea vizuri kuliko tulivyostahili, ukizingatia nyimbo tulizokuwa tunaimba. Walitupa darasa la kulala, na mama mmoja akatupikia kambale wa Rukwa kwa ugali wa mtama. Chanda alikula samaki wawili akanyamaza, jambo ambalo sijaliona tangu nimwoe dada yake.

Hapo nilijaribu kumwambia Mama Silwimba. Nilimkuta anakunja kitenge chake. Nikasema, "Mama, kuhusu goli lile." Akanikatiza kwa upole: "Shahidi, kesho ukamjibu mzee wa watu vizuri. Mwambie tu ulichokiona." Nikamtakia usiku mwema nikaenda zangu.

Galula hadi Mkwajuni: mgongoni mwa pikipiki

Jumapili asubuhi, baada ya ibada, tuliliacha Fuso kwa fundi tukachukua pikipiki. Mimi niliangukia kwa kijana mwenye koti zito na kofia ya sufu, katika joto lile. Alipojua tunakwenda fainali alianza kunisimulia goli la Mkwajuni, bila kujua amembeba nani.

Kwake yeye kipa wa Mizani alikuwa mrefu kiasi cha kugusa mwamba wa juu bila kuruka. Refa alipomuuliza, kipa yule alipiga magoti, akaomba Biblia iletwe, ikaletwa mbio kutoka misheni, akaishika na kuapa. Watu wakalia. "Baba yangu ni Radi damu," akasema, akigeuza kichwa kunitazama badala ya kutazama barabara, "lakini aliniambia, mwanangu, yule kipa alisema nje, basi ilikuwa nje. Mtu kama yule hasemi uongo."

Nilimwomba atazame mbele. Niliteremka Mkwajuni nimejaa vumbi na aibu, na sikuweza kutofautisha kipi ni kipi.

Uwanjani: swali la mzee

Uwanja ulikuwa umejaa. Ng'ombe, dume jekundu, alizungushwa kuzunguka uwanja kama desturi, na watu wakamshika mgongo kwa bahati njema. Na kweli nyavu zilikuwepo. Zilikuwa nyavu za kuvulia samaki kutoka Rukwa, bado zina magamba mawili matatu, zimefungwa kwa kamba za katani. Zilikuwa zimechoka kama wavuvi wenyewe, lakini watu walizipiga picha.

Mzee Nzunda alikuwa kwenye stuli yake nyuma ya goli letu, na pembeni yake wameweka ya pili. Ilikuwa yangu. Amezeeka. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akauleta uso wangu karibu na wake ili anione, akanikaribisha kwa Kinyiha, kisha akageukia mpira. Kipindi cha kwanza chote hakuniuliza kitu, isipokuwa kila baada ya muda aliniuliza nani ana mpira, nami nikamtangazia.

Golini alikuwa Daudi, ambaye nimemfundisha kudaka mimi mwenyewe kila Jumamosi kwa miaka minne. Alidaka siku ile vizuri kuliko nilivyowahi kudaka maisha yangu yote. Mpira mmoja aliutoa kwa ncha za vidole ukiwa umeshaanza kuvuka mstari, mpaka hata Radi wakapiga makofi. Ayubu, yule yule aliyepiga shuti la mabuani, sasa ni kocha wa Radi, kanenepa, anatembea pembeni mwa mstari akijisemesha.

Zikabaki dakika chache, bila bila. Winga wa Radi akachomoka upande wetu, mshika kibendera akaachwa nyuma. Na ndipo Mzee Nzunda aliponishika goti.

"Elia," akasema, hakusema Shahidi. "Ule mpira wa mwaka ule. Uliuona?"

Niligeuka kumtazama. Sikuweza kumjibu mtu wa aina ile huku nikiangalia pembeni. Nikiwa namtazama hivyo, nikasikia mguu ukipiga mpira, nikasikia wavu ukivuma, uwanja ukalipuka.

Nilipogeuka Daudi alikuwa chini, na mpira ulikuwa nje ya wavu, upande wa kushoto. Wavu wa pembeni ulikuwa na tundu la kupitisha mtungi. Radi walishangilia: umeingia, ukatokea kwenye tundu. Mizani walikataa: umepita nje, ukagonga wavu kwa pembeni. Refa, dada mmoja mtulivu kutoka Mbozi, alikuja akaingiza mkono kwenye lile tundu, akautoa, akautazama. Hakuwa ameona. Mshika kibendera hakuwa ameona.

Sauti moja ikaanza upande wa Radi, nasema upande wa Radi, sio wa kwetu: "Aulizwe Shahidi!" Upande wetu wakaitikia. Baada ya muda uwanja mzima ulikuwa unasema neno hilo moja, na ngoma ya Chanda inalipigia.

Refa alinifuata kwenye stuli, akaniomba nisogee hadi kwenye mwamba. Nilimwona Mama Silwimba ng'ambo, amesimama, ananiitikia kwa kichwa kunitia moyo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema na tungekuwa bado tunacheza. Nilikwisha kulisema zamani, najua lilivyo rahisi.

Nikasema, "Sikuona, refa. Nilikuwa nimegeuka." Kisha nikaona kama nikiishia hapo nitakuwa bado sijasema. Nikapaza sauti: "Na mwaka ule sikuona vilevile. Nilifumba macho. Nilisema nje kwa kuwa nilitaka kushinda."

Chanda aliishusha ngoma yake chini polepole.

Refa akabaki na mtu mmoja wa kumuuliza. Akamgeukia Daudi, ambaye alikuwa bado amekaa chini na vumbi puani. Daudi hakumtazama refa, alinitazama mimi. "Limeingia," akasema. "Mimi nilikuwa nimefumbua."

Radi moja, Mizani bila. Ndivyo ilivyokwisha.

Ngozi

Mnajua desturi: ng'ombe analiwa siku ile ile na timu zote mbili kwa pamoja, hakuna wa kuondoka na chuki tumboni. Mshindi anachoondoka nacho ni ngozi tu. Ile ya miaka kumi na tano iliyopita ilikuwa imetundikwa dukani kwa Mama Silwimba, juu ya vitenge, na ndiyo aliyosafiri nayo ili atambe.

Nyama ilikuwa inachomwa alipopita katikati ya watu. Hakunitazama. Alifika mbele ya Mzee Nzunda, akapiga goti, akaitandaza ngozi miguuni pake, akasema, "Baba, kumbe hatukuwa nayo kwa haki. Ichukue na hii."

Niliona haya mpaka nikatamani lile tundu la wavu linipitishe na mimi.

Mzee aliipapasa ngozi kwa mguu. "Ikunje, mama," akasema. "Ulipita nje. Mimi nilikuwa nimekaa palepale. Ulipita nje kwa upana wa kiganja."

Hakuna aliyeelewa. Ayubu alikuwa ameshika mshikaki, ukabaki njiani kuelekea mdomoni. Akauliza, "Baba, unasema nini?"

Yule mzee akamwambia mwanawe mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeelekeza njia. "Siku ile ulilia. Ukasema mpira basi, unaingia shimoni na wenzako. Nikaona nikikwambia umekosa, utaacha kweli. Nikakwambia umeingia, wametuibia. Aliyekosa huenda nyumbani, mwanangu. Aliyeibiwa hurudi kesho. Ukarudi, ukacheza miaka kumi. Shimoni hujaingia mpaka leo."

Ayubu aliweka mshikaki chini. Alikaa karibu na stuli ya baba yake, kwenye ile ngozi, mtu mzima na kitambi chake, akashika goti la mzee na kulia waziwazi. Mzee akamwekea mkono kichwani. Nami nililia, sifichi, na Mama Silwimba alilia, ila yeye alisingizia moshi.

Baadaye nilimuuliza mzee kwa nini basi aniite, ikiwa alijua ulipita nje. Akasema niliporuka uso wangu ulielekea kwake, na macho yalikuwa yamefumbwa kama ya mtu anayeomba. Kwa miaka yote hiyo alijua sikusema uongo na wala sikusema kweli. "Nilitaka nisikie wewe mwenyewe unajua," akasema. Kisha akaniuliza nyama imeiva au bado, kwa kuwa haoni vizuri.

Kurudi

Mtadhani baada ya hapo mjadala ulikwisha. Kipa kasema hakuona, mwenye Radi kasema ulipita nje, mpigaji kalia. Lakini tulipofika Galula kulichukua Fuso, yule kijana wa pikipiki, ambaye sasa alijua nilikuwa nani na kidogo alinichukia kwa ufupi wangu, alisema mzee macho yake ni mabovu siku nyingi, bila shaka goli liliingia. Mizani walimkatalia. Mpaka Mbalizi walikuwa bado wanapiga hesabu za upepo, na Chanda alichora mwamba kwa chaki kwenye ubao wa gari. Hakuna aliyeniuliza mimi. Kwa mara ya kwanza nilikaa kwenye mjadala ule kama shabiki wa kawaida, na nilifurahi kama mtoto.

Mama Silwimba hakusema nami Galula wala Mbalizi. Mlowo gari liliposimama, mkono wake ulitokea kidirishani na hindi la kuchemsha, la moto. "Daudi umemfundisha vizuri," akasema, akafunga kidirisha.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu yote. Alisema alijua kuna kitu, kwa sababu mimi hata nikikata kuku hufumba macho.

Nilingoja watu waache kuja kutaka sahihi yangu. Siku mbili hakuja mtu. Siku ya tatu akaja jirani, Mama Neema, na mkwe wake aliyenunua kipande cha kiwanja chao, na karatasi mkononi. Zamani ningefuta mikono na kusaini juu ya turubai, palepale. Nikamwambia huenda angependa kumtafuta mtu mwingine.

"Tumekuja kwako," Mama Neema akasema. "Ila leo, baba, tutakwenda wote ukayaone mawe ya mpaka kwanza."

Nikaacha sindano, tukapanda mlima hadi kiwanjani. Jiwe la kwanza nililiona, la pili nililiona, la tatu nililiona. La nne lilikuwa limefunikwa na majani. Mkwe akaniambia lipo hapo, nisijisumbue. Niliinama nikayafunua majani kwa mkono, nikalitazama vizuri, ndipo nikaomba kalamu.